Gofu ya jangwani Arizona: tazama mwaka wa uwanja kabla ya kutazama picha

Swali: Habari za kazi. Sisi ni marafiki wanne tuliosoma pamoja Mombasa. Watatu tunaishi Houston, wa nne anatoka Nairobi kuja kututembelea. Tumepanga siku nne za gofu Phoenix na Scottsdale, jimbo la Arizona. Handikepi zetu ni 8, 15, 19 na 28. Hakuna mwenye uanachama wa klabu huku, kwa hiyo ni viwanja vya umma tu. Picha zote mtandaoni zinavutia na bei zote zinatisha. Tuchague vipi, na jioni tule wapi? Mwenzetu mmoja ni Mwislamu na hali kitu asichokijua. Pia tunabishana kati ya Machi na Novemba.

Jibu:

Ndugu yangu, naanza na huyo wa handikepi 28, yaani aliye mchanga kuliko nyote kwa mchezo (handikepi ikiwa kubwa, ustadi ni mdogo), maana safari yenu yote iko mikononi mwake. Ninyi wengine watatu mtafurahi popote. Yeye akipelekwa siku ya kwanza kwenye uwanja usiomfaa, vipira vitamwishia kabla ya shimo la tisa, atanuna, na ikifika siku ya tatu mtakuwa watatu uwanjani, wa nne yuko kwenye bwawa la hoteli na simu yake.

Nasema hivyo kwa sababu nimesimama kwenye tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, miaka kadhaa huko Arizona, kazi yangu ikiwa kuwaita wachezaji kwa zamu na kuwatakia heri. Kuna bwana mmoja simsahau. Alianza raundi na boksi la vipira kumi na viwili, vipya, bado vinanukia duka. Baada ya saa mbili kasoro nikamwona anarudi na kigari peke yake, mbio, kuja kununua vingine. Soksi ya mguu wa kulia imejaa mipira midogo ya miiba, damu inachuruzika hadi kwenye kiatu. Alikuwa ameingia kwenye cholla kufuata kipira cha dola nne. Cholla ni mdungusi ambao kipande chake kikikugusa kidogo tu kinabanduka na kukufuata, na ukijaribu kukitoa kwa mkono kinahamia mkononi. Dawa yake ni kitana. Unapitisha meno ya kitana kati ya kipande na ngozi, unakirusha kwa mkupuo mmoja. Basi kabla hamjanunua glavu mpya, nunueni vitana vinne vya plastiki.

Sasa, kwa nini viwanja viwili vilivyo mji mmoja, chini ya jua lilelile, kimoja kinamla mtu vipira na kingine hakimli? Jibu ni maji. Mwaka 1980 Arizona ilipitisha sheria ya kusimamia maji ya chini ya ardhi, na kanuni zilizofuata zikaviwekea viwanja vipya mgao unaotosha takriban ekari 90 za majani kwa mashimo 18. Uwanja wa zamani ulimwagilia kutoka mti hadi mti. Mpya unalazimika kuchagua: majani kidogo kwenye tii, kisiwa cha majani pale kipira kinapotarajiwa kutua, grini yenye shimo, na vilivyobaki vyote ni changarawe, mawe na miiba. Picha za kutoka angani huwa nzuri ajabu kwa sababu hiyohiyo, kijani kilichokatwa kama kwa wembe katikati ya hudhurungi. Lakini kile kinachopendeza kwenye picha ndicho kinachommeza mwenye handikepi 28.

Kwa hiyo ukifungua tovuti ya uwanja wowote, tafuta kwanza umejengwa lini na uko kwenye ardhi ya nani. Nauliza ya nani kwa sababu kuna kundi la tatu, viwanja vya mataifa ya wenyeji wa asili. Sheria ile ya jimbo haitawali ndani ya ardhi zao, na wana haki zao za maji. Wengi wao pia hawakujenga nyumba za kuuza pembezoni mwa viwanja, kwa hiyo hupigi kipira ukiomba Mungu kisivunje dirisha la mstaafu.

Ningekuwa mimi, ningepanga hivi.

Siku mnayotua, Papago. Ni uwanja wa jiji la Phoenix, kama dakika kumi na tano kutoka uwanja wa ndege, ulifunguliwa mwaka 1963, kazi ya William F. Bell. Uko ndani ya bustani ya Papago penye vilima vya mawe mekundu, na jioni yale mawe yanawaka kama makaa. Majani ni mapana, mashimo ni marefu, na unaweza kutembea kwa miguu ukiburuta mkoba wako. Usiudharau kwa kuwa ni wa manispaa. Ubingwa wa Marekani wa wachezaji wa viwanja vya umma ulichezwa hapo mwaka 1971, na timu ya chuo kikuu cha Arizona State ina kituo chake cha mazoezi papo hapo. Mwenye handikepi 8 atapata kazi ya kutosha kwenye alama za nyuma, zile za kuanzia mbali zaidi, mwenye 28 atamaliza na kipira alichoanza nacho, au angalau cha pili yake.

Siku ya pili, Talking Stick, kwenye ardhi ya jumuiya ya Salt River Pima-Maricopa, upande wa mashariki wa Scottsdale. Kuna viwanja viwili vya mwaka 1998, vyote kazi ya Bill Coore na Ben Crenshaw. Chagueni ule unaoitwa O'odham. Ukiutazama kwa mara ya kwanza utasema nimeibiwa, kwa sababu ni bapa kama meza na hakuna picha ya kupiga. Subiri ufike kwenye grini. Njia, yaani zulia la majani kutoka tii hadi grini, ni pana mno, lakini ukiwa upande usio sahihi wa hiyo njia, mkwaju wa pili unakuwa mtihani. Ni uwanja unaomruhusu mgeni kucheza vibaya bila aibu huku ukimtesa mjuzi kimyakimya.

Siku ya tatu ndiyo ya kufungua pochi: We-Ko-Pa, kwenye ardhi ya taifa la Fort McDowell Yavapai. Jina hilo ndilo Wayavapai wanalouita mlima wa vilele vinne unaoonekana upande wa mashariki. Kuna viwanja viwili tena, Cholla wa mwaka 2001 na Saguaro wa mwaka 2006. Jina Cholla mmeshalielewa. Nendeni Saguaro, nao ni wa Coore na Crenshaw, mpana zaidi na unaotembeka. Hakuna nyumba, hakuna barabara, ni nyinyi na ile midungusi mirefu yenye mikono. Itazameni vizuri: saguaro hupita nusu karne kabla ya kuotesha mkono wa kwanza, na kuukata bila kibali ni kosa la jinai. Mingine ina matundu ya vipira vya watu walioikosea njia.

Siku ya nne asubuhi, kabla ya ndege, Encanto, katikati ya Phoenix. Ulifunguliwa mwaka 1935, na aliyeuchora, William P. Bell, ndiye baba wa yule aliyechora Papago. Minazi haipo lakini mitende ipo kwa safu, majani kila mahali, maghorofa ya mji yanachungulia kwa mbali. Mtamaliza upesi na kwa bei ya huruma. Kijana wa Nairobi atajiona yuko nyumbani, isipokuwa hakuna kedi wa kumbebea mkoba.

Najua utaniuliza kuhusu TPC Scottsdale, ule wenye shimo la 16 linalozungukwa na majukwaa ya watu karibu 20,000 wakati wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Februari. Ndiyo, ni uwanja wa umma, ukilipa unacheza. Ulichorwa na Tom Weiskopf na Jay Morrish, ukafunguliwa mwaka 1986. Tiger Woods alitumbukiza kipira kwa mkwaju mmoja kwenye shimo hilo mwaka 1997, na makopo ya bia yakanyesha. Lakini msimu wa kilele raundi moja hupita dola 400, na yale majukwaa ni ya muda, hujengwa kwa miezi na kubomolewa mashindano yakiisha. Bila hayo, la 16 ni shimo fupi la mita 150 hivi, zuri kiasi, lisilo na uchawi wowote. Kwa pesa hiyo mtu mmoja anacheza We-Ko-Pa na bado anabakiwa na ya chakula. Troon North vilevile, ule wa Monument wa mwaka 1990 wenye jabali katikati ya njia ya shimo la tatu: ni uzuri mtupu, ila ni visiwa vya majani hasa. Nyinyi wa 8 na 15 mkiweza kubaki siku ya tano, nendeni wawili. Hao wengine waacheni walale.

Kuhusu mwezi, mimi nasema Novemba, tena nusu ya pili. Machi hali ya hewa ni tamu, lakini Marekani nzima inajua hivyo. Timu 15 za besiboli zinafanya mazoezi ya msimu mjini humo kuanzia Februari hadi mwisho wa Machi, vyumba vya hoteli vinapanda bei, na saa za asubuhi za kuanza zinashikwa mapema. Tatizo la vuli ni moja tu na lina dawa: majani ya joto yanayoitwa bamuda hulala baridi ikianza, kwa hiyo kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba viwanja hufungwa wiki mbili hadi nne kupanda juu yake mbegu za majani ya baridi. Vikifunguliwa tu, vigari haviruhusiwi kutoka kwenye lami. Unatembea ukivuka njia nzima na fimbo tatu mkononi kwa sababu hujui utahitaji ipi. Kufikia mwisho wa Novemba hayo kwa kawaida yamepita, zulia ni bichi, mchana ni nyuzi 20 na kitu. Hata hivyo pigeni simu kwa kila uwanja muulize maswali mawili: mmefungua lini baada ya kupanda, na vigari vinaingia majanini? Mtu wa kwenye simu atakujibu kwa ukweli kuliko tovuti.

Mkumbuke tu kwamba Novemba jua linazama mnamo saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, na raundi ya watu wanne huchukua saa nne na nusu. Anzeni si zaidi ya saa sita mchana. Zile bei nafuu za alasiri zinavutia, lakini mtalipa mashimo 18 na kucheza 13. Na msikimbilie saa moja asubuhi mkidhani jangwa ni joto siku zote; usiku wa kiangazi ndio wa joto, wa Novemba unatetemesha meno, na kuanzia Desemba hata umande huganda kwenye grini mkaambiwa msubiri hadi uyeyuke.

Rafiki wa Nairobi mwambieni jambo moja kabla hajapanda ndege. Amezoea kucheza mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na kipira kinapaa. Phoenix iko kama mita 330 tu. Kipira cha fimbo yake ya chuma namba 7 kitapungua mita saba au nane, na asubuhi ya baridi zaidi ya hapo. Siku mbili za kwanza achukue fimbo moja kubwa kuliko moyo wake unavyomwambia. Fimbo zenyewe akodishe, asizibebe kutoka Kenya. Aje na viatu vyake tu. Na nyote mjue kadi za alama za huku zinaandika umbali kwa yadi.

Kabla ya kuanza someni nyuma ya kadi kanuni za uwanja. Tangu mwaka 2019 kamati zinaruhusiwa kuyatia alama nyekundu maeneo ya jangwa, yaani unadondosha kipira karibu na pale kilipoingilia kwa mkwaju mmoja wa adhabu. Pale palipo hivyo, usiingie kutafuta. Kipira kimekwenda, kiacheni na mwenyewe jangwa. Novemba nyoka wengi wameshaingia mashimoni, Machi wanaanza kutoka kuota jua. Sababu nyingine ya kupenda Novemba.

Haya, chakula. Kosa ninaloliona kila mwaka ni watu kuchagua mgahawa kwa sifa, kisha wakajikuta wanaendesha dakika hamsini kurudi mjini, wamechoka, wana njaa, wanagombana. Mji huu umetawanyika vibaya sana. Lalieni kusini mwa Scottsdale au Tempe, katikati ya viwanja vyote nilivyotaja, na jioni mle pale mlipomalizia.

Mkitoka Papago mko karibu na katikati ya Phoenix, na hapo kuna Pizzeria Bianco. Chris Bianco alianza mwaka 1988 kwenye kona ya duka la vyakula, na mwaka 2003 akawa mpika piza wa kwanza kupewa tuzo ya James Beard, ile kubwa ya wapishi Marekani, ya mpishi bora wa ukanda wake. Mimi huwa siamini foleni, lakini hii naipanga. Agizeni ile iitwayo Rosa: vitunguu vyekundu, jibini, rosmari na pistachio za Arizona, bila mchuzi wa nyanya na bila nyama. Pistachio zimechomeka kingoni, vitunguu vimelegea hadi vimekuwa vitamu, na ukikunja kipande unga unalia kidogo kabla haujakatika. Mwenzenu anaweza kuila pamoja nanyi. Kuhusu jibini, na kinachoigandisha, aamue mwenyewe.

Baada ya We-Ko-Pa, rudini kwa barabara ya Shea mkashukie Paradise Valley, kwenye El Chorro. Nyumba yenyewe ilijengwa iwe shule ya wasichana, ikawa mgahawa mwaka 1937. Bei yake si rahisi, na chakula chenyewe ni cha kizamani. Watu wanakwenda kwa ajili ya ua wa nje wenye mlima mbele yake, na vile vimikate vya sukari na mdalasini vinavyoletwa mezani. Fikeni kabla jua halijazama, la sivyo mmelipia giza.

Na siku ya mwisho, mkitoka Encanto, dakika chache tu kwa gari barabara ya 7th Avenue kuna The Fry Bread House, iliyofunguliwa mwaka 1992 na Cecilia Miller, mama wa taifa la Tohono O'odham, na kutambuliwa na James Beard mwaka 2012 kama mgahawa wa jadi wa Marekani. Mkate wenyewe ni kama andazi lililonyooshwa kwa mikono hadi likawa chapati kubwa, likakaangwa likavimba mapovu, kisha likakunjwa juu ya nyama yenye pilipili nyekundu. Asili yake si ya furaha: simulizi ya Wanavajo ni kwamba ulibuniwa kutokana na unga na mafuta ya mgao waliyopewa na serikali walipokuwa kifungoni miaka ya 1860. Mtu wa Mombasa akiula anacheka, maana ulimi unaujua kabla hajaambiwa unaitwaje.

Kuhusu mwenzenu, tahadhari kubwa si nyama inayoonekana. Ni mafuta. Migahawa mingi ya Kimeksiko hupika maharage ya kuponda kwa mafuta ya nguruwe, na chapati za ngano za Sonora, jimbo la Meksiko lililo mpakani, mara nyingi zimekandwa nayo. Aulize kwa neno lao, manteca, na atajibiwa bila kinyongo. Kwenye mkate wa kukaanga aulize wanakaangia nini siku hiyo. Zile soseji za mtaani za mtindo wa Sonora, zinazouzwa usiku kwenye vibanda, azipite kabisa, zimeviringishwa nyama ya nguruwe kwa nje. Jioni ya siku ya pili muwe wageni wake: pale Tempe, karibu na chuo kikuu, kuna msikiti wenye kuba lililoigwa kutoka Kuba la Mwamba la Yerusalemu, umekuwepo tangu mwaka 1984. Mpelekeni akasali magharibi, kisha aulize hapo nje ni wapi wanachinja kihalali. Wenyeji ndio wanaojua nani kafungua na nani kafunga. Phoenix pia imepokea Wakongo na Warundi wengi, kwa hiyo msishangae mkisikia Kiswahili dukani mtu akiulizia unga.

Nyama ya kuchoma ya mtindo wa Texas msiipangie foleni. Mmeiacha Houston.

Vigharama vidogo: mgahawani acheni asilimia 18 hadi 20 juu ya bili. Uwanjani hakuna kedi, lakini kijana anayepokea mikoba mnapofika na yule anayefuta fimbo mkimaliza, kila mmoja dola chache taslimu. Na kama mtaishia kuchagua Machi licha ya maneno yangu yote, Arizona haibadilishi saa Marekani nyingine inapobadilisha. Houston mtasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi, Phoenix haitasogea, na pengo kati yenu litatoka saa moja kuwa mbili. Simu zitajirekebisha zenyewe mkitua. Mkiweka nafasi ya Papago kutoka nyumbani, andikeni saa ya Phoenix kwenye karatasi.